Kitambaa Ulichoninyima

Mama Ntumba,

Ni mimi, Kabange, wa nyumba inayotazamana na yako. Usinune. Najua hukuipenda karatasi hata siku moja, na hii ni karatasi, tena imejaa mwandiko wangu ule uliosema unafanana na njia ya siafu. Vumilia kidogo. Nina jambo la kuungama, na siku ile watu walikuwa wengi mno.

Kwanza habari za nyumbani. Mvua imeanza mapema mwaka huu. Lengalenga yako, ule mchicha wa nyuma ya jiko, imeota yenyewe. Mama Chanda na mimi tunaichuma kwa zamu, na tunagombana kwa zamu pia. Tata Kalala, mume wako, amekonda lakini sahani yake ya bukari anamaliza. Baruti ya mgodini bado inatikisa vifuniko vya sufuria kila adhuhuri. Wewe ulikuwa unaigombeza: "Piga hodi basi, kama unaingia mu nyumba ya batu!" Juzi nimejikuta nikiigombeza mimi, mkono kiunoni, kama wewe kabisa. Chanda alicheka mpaka akakaa chini.

Unakumbuka siku tuliyojuana? Nilikuwa bibi arusi wa miezi miwili, nimeshuka kwenye treni kutoka kaskazini, simjui mtu kambini. Tulipanga foleni ya posho. Karani alikuwa akiita nambari za kazi za waume zetu, na kila mke anaitika. Ikaitwa ya mume wangu, nikasema, "Ni miye." Wewe ulikuwa nyuma yangu. Ulinifinya ubavuni, na ulifinya kwa nguvu.

"We njo namba? Mama yako alizaa namba?"

Zamu yako ilipofika, karani akaita nambari ya Tata Kalala. Hukuitika. Ulisimama wima, kikapu kichwani, ukasema, "Namba iko ku mugodi, inachimba. Hapa kuko Ntumba, mutoto wa Kapinga. Mi njo chungu inapikia bageni. Moto inazima, mi sizime." Ukaendelea, baba, babu, mito ya kwenu, karani ameshika kopo la unga hewani. Mwishowe akakuomba, "Mama, twala unga yako, wende." Ukamjibu, "Ngoja. Sijafika ku kaku yangu."

Kaku, bibi mzaa mama. Sikujua siku ile kwamba huyo kaku wako atakuja kunitoa jasho.

Kumbe hiyo ndiyo kasala, sifa mnazomwimbia mtu kwa kutaja ukoo wake, mlizokuja nazo kutoka Kasai pamoja na masanduku yenu. Ulituanzishia Jumapili, baada ya misa, mikekani nyuma ya jiko lako, tukimenya karanga. Sharti lako lilikuwa moja: kila mwanamke ajitaje kwanza kwa lugha ya mama yake, halafu arudie kwa Kiswahili ili jirani asibaki nje. Chanda, Mbemba wa watu, alikataa majuma matatu. "Mi sina ya kusema. Mi nilizaliwa tu." Ukamwambia, "Basi anzia pale." Akaanzia pale, na hakumaliza mpaka mboga ya sombe ikaungua.

Nami siku yangu ilifika. "Mi Kabange. Kyungu njo alifungua mulango, mi nilikuja kuufunga." Tangu nifike kambini sikuwa nimemwambia mtu kwamba nilizaliwa pacha, wala kwamba Kyungu alikufa tukiwa wadogo, nikabaki nalala upande mmoja wa mkeka kama vile bado yupo. Wewe hukunipa pole. Uliniambia, "Sasa muko babili tena." Mama, nimesikia hotuba za mapadre na za wakubwa wa kampuni, ila hakuna neno lililonisimamisha wima kama hilo.

Nikataka na mimi nikutaje wewe. Kwenu anayetajwa hakai mikono mitupu. Anavua kitu alichovaa, anampa aliyemtaja. Nilikitaka kitambaa chako cha kichwa, kile cha manjano chenye ndege weusi, nikakwambia waziwazi. Nikaanza vizuri, upande wa baba yako, upande wa mama yako Kapinga, halafu nikaruka. Ulishika fundo la kitambaa, ukalikaza.

"Umeruka kaku yangu. Kitambaa inabaki ku kichwa."

Mara ya pili, nikamruka tena. Mara ya tatu ulikuwa umeshika fundo hata kabla sijafika kwake, mchokozi wewe.

Sasa naungama. Ulituambia, "Jina ya ku karatasi inalala. Jina ya mu kinywa inatembea." Ulinikataza kuandika. Niliandika. Masista walionifundisha kushona walinifundisha na kalamu, na mkono ukishajua kitu hautulii. Niliandika ukoo wako wote kwenye daftari, nikaficha chini ya gunia la unga, nikawa nasoma wakati sufuria inachemka. Sikio likaanza uvivu, kwa sababu jicho lilikuwa linafanya kazi yake. Jumapili iliyofuata ningekuja kuchukua kitambaa changu. Jumapili hiyo ulikuwa hospitali. Ile iliyofuata ulikuwa umekwisha kwenda.

Uliniagiza hospitali, ukiwa umenishika kidole hiki kidogo: "Uniite we mwenyewe. Unitie bote. Usiache mutu inje." Uliwahi kutuambia kwamba mtu asiyeitwa na watu wake wote anabaki amesimama njiani, kama mgeni aliyepoteza nyumba. Nikaitikia ndiyo. Nilikuwa na daftari, ningekataaje?

Asubuhi ya maziko nikalitoa. Upande wa baba yako upo. Ukurasa wa mama yako haupo. Nikamuuliza mume wangu, naye akanitazama bila hatia yoyote. "Ile karatasi? Nilisokotea tumbaku."

Bibi yako, Mama, mume wangu alimvuta. Nimesema.

Alasiri tukarudi kutoka makaburini, uwanja umejaa. Tata Mutombo, mkubwa wa watu wa Kasai hapa kambini, hakunitaka. "Mutoto wa batu bengine ataita bafu betu namna gani?" Hakusema kwa ubaya, alikuwa anawalinda wafu wa kwao, nawe ukiwamo. Lakini mume wako, yule asiyesema kitu, alisema. "Mumuache. Marehemu alimuchagua." Nikasimama.

Upande wa baba ulikwenda kama maji. Wanawake waliitikia, Chanda kwa Kibemba chake, nikaanza kujisikia mtu. Nikafika: Ntumba mutoto wa Kapinga, Kapinga mutoto wa... Hapakuwa na kitu. Niliona jua, niliona viatu vya Tata Mutombo, niliona kwamba utabaki njiani kwa ajili ya tumbaku. Mdomo wangu ukasema, "Mutoto wa Ngoie."

Ngoie ni kaku yangu mimi, Mama. Ndiye aliyenilea. Na nikishaanza sikukomea hapo. Nikasema Ngoie alilima na watoto wawili mgongoni, Ngoie aliyeuza mkeka wake akanunua chumvi ya wageni, Ngoie, Ngoie, machozi yakinitoka, nimekusahau hata wewe tunayekulilia.

Tata Mutombo akainua mkono. "Huyu Ngoie ni nani?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka. "Ni kaku yangu. Wa Mama Ntumba jina limenipotea. Sikutaka pahali pake pabaki bure."

Nilijua atanifukuza, na wewe utabaki umezikwa nusu. Yeye akavua kofia yake, akajifuta uso.

"Basi umetuletea kaku," akasema. "Mwenye kuleta kaku yake mu nyumba haiko mugeni. Ukaye chini na batoto."

Nikakaa chini na watoto wako. Wakaninyoa kichwa kama wao. Halafu nikabebeshwa kazi: kama ni mtoto wa nyumba, sufuria zile pale. Mama, watu wako wanakula! Siku nne nilisugua masufuria, mikono ikabambuka, nami sijapata kufurahi hivyo tangu nishuke kwenye treni.

Ila nilijua bado nina deni la jina, na hapa kambini hakuna aliyelishika. Mdogo wako alipofika kutoka Kasai, mwezi mzima baadaye, nilimdaka kituoni kabla hajatua mzigo. Akacheka, "Kaku yetu? Mbombo." Mbombo. Sikuandika. Nililisema nikitwanga, nikalisema nikifua, nikamfundisha na mume wangu; adhabu yake ni kulitaja kila anaposokota tumbaku, na analitaja, masikini, bila kubisha.

Jumamosi iliyopita tulimaliza kilio. Nikakuita tena, mbele ya watu wale wale. Nikafika: Kapinga mutoto wa Mbombo. Lilitoka lenyewe, likakaa. Nikataka kupita mbele, Tata Mutombo akakohoa.

"Na Ngoie? Unamuacha inje?"

Nikamrudia Ngoie. Nikawataja wote wawili bega kwa bega, na watu wa Kasai wakaitikia jina la kaku yangu, ambaye hajawahi kuiona Kasai wala treni.

Ndipo Tata Kalala akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha manjano. Hakunipa. Alikifunga kwanza kichwani kwake, mwanamume mzima, akashika fundo, akalikaza kama wewe. Akangoja. Halafu akalifungua, akanivisha. Watu walicheka, mimi nikalia, kisha tukabadilishana.

Nilikivaa kwenye posho. Kuna karani mpya. Aliita nambari, nikamwambia namba iko ku mugodi, inachimba, nikaanza. Nilipomaliza nikamsikia Chanda nyuma yangu naye anaanzia pale pale, kuzaliwa. Na aliyemfuata. Siku hiyo posho ilikwisha jua limepinda, na aliyelalamika ni karani peke yake.

Mjukuu wako Kapinga mdogo sasa anakuja mikekani kila Jumapili. Ni mwepesi kuliko mimi. Jumapili iliyopita alinitaja, akafika kwa Kyungu bila kukwama, akafika kwako, nikaanza kulegeza fundo. Akamruka Ngoie. Nikalikaza. Nakuahidi, Mama: hakipati mpaka awatie wote, na wote ni wengi sasa.

Kesho baada ya misa nakuja kaburini kukwambia haya. Sitabeba karatasi. Nimeyashika yote mdomoni, tangu "usinune" mpaka hapa. Karatasi nitamwachia mume wangu mezani, karibu na tumbaku.

Wende muzuri, Ntumba wa Kapinga, Kapinga wa Mbombo. Na yule bibi wa kigeni unayemwona anatembea kando yako, amebeba mkeka, anauliza maswali mengi, usimshangae. Huyo ni wangu. Umushike mukono.

Mutoto wako,
Kabange