Baba, Kaburi Lako Linanata

Baba,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana leo nimeshinda na hasira na sina subira.

Kaburi lako linanata. Ndiyo, linanata! Jana nilikwenda kufagia, kandambili ikabaki kwenye saruji, mguu ukaendelea. Ile michungwa yako iliyoliinamia imejaa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wamebanana mpaka kijiti hakionekani. Wanafyonza huku wananya. Uchafu wao wa sukari unakudondokea, nzi wanaulamba, kisha unaota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Jina lako halisomeki. Nimesugua kwa brashi na sabuni. Asubuhi yake, yale yale. Na hasira yangu, Baba, si ya wadudu peke yao.

Ni mwanao Kazungu. Tangu tukuzike hapa nyumbani Mambrui, amejifanya bwana shamba. Alitaka jamaa watakaokuja kwenye kumbukumbu yako waikute michungwa imestawi, akaimwagia urea, ile mbolea nyeupe ya dukani. Mvua ikanyesha, akaimwagia tena. Majani yakatoka mapana, laini, yanameremeta, naye akawa anajipiga picha. Mfyuu!

Wewe hukuwa ukiweka hata samadi kabla ya kutafuna jani changa. Ulikuwa ukilifuta kwa shuka, unatafuna taratibu, unatema. Likiwa chungu, unautilia mti samadi. Likiwa la majimaji, unasema, "Huu umeshiba, usiupe." Mama alikuwa akikuita mbuzi. Nilimsimulia hayo afisa wa kilimo aliyetoka Kilifi, wala hakucheka. Alisema mti ukilishwa urea kupita kiasi, utomvu wake hujaa lishe wanayoitafuta hao wadudu, na ule uchungu ambao jani hujitengenezea kujikinga hupungua. Kazungu alikuwa amesimama pale pale, anasikia. Jioni namkuta na gunia jingine begani, anaelekea nyuma ya jiko, kwenye mchungwa uliobaki.

Unaujua. Ule wenye miiba, aliousahau. Majani yake machache, lakini safi, hauna kidukari hata mmoja.

Alipolitua gunia apumue, nikalikalia. Na mwili huu niliojaliwa, hakuweza kuniondoa. Nikamwambia kwanza atafune jani, kama wewe. Akaenda kwa kiburi, akachuma la pale kaburini, akatia mdomoni bila kulifuta. Akasema, tamu. Nikamwambia ni mavi ya vidukari. Lo! Alitema mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka kaburi lako likiwa pale.

Kisha nikamchumia jani la ule mchungwa wa nyuma ya jiko. Akatafuna. Akakunja uso, jicho moja likafumba, mdomo ukaenda upande. Baba... ulikuwa uso wako. Ulikuwa wewe kabisa. Hasira ikaniishia pale pale, tukalia wote wawili, nzi wanatutambaa.

Gunia amelirudisha stoo mwenyewe.

Basi lala, Baba. Kaburi nitalisugua kila siku mpaka majani yale ya aibu yakomae, wadudu wayakimbie. Wala hakuna kitakachomwagwa kwenye shina la mchungwa wako kabla jani lake halijatafunwa. Na atakayetafuna ni Kazungu, nimtazame.

Mwanao,
Kadzo