Mtufaha Niliouhamisha Buhare

Jumatatu, 2 Septemba

Ndoo moja kabla ya kwenda kazini. Sisimizi wamepanda tena kwenye shina, nimewamwagia majivu. Majani mawili yamejikunja, nimeyachuma. Udongo wa hapa Buhare, Musoma, ni kokoto tupu, maji hayakai. Kesho ndoo moja na nusu.

Mwaka wa nne huu. Mtufaha umenizidi kimo na haujatoa hata ua moja. Si tufaha la kula. Rehema, aliyekuwa mpangaji mwenzangu, alinitumia mche kwa basi aliporudi kwao Njombe. Huko wanaupandaga kwa ajili ya maua tu. Matunda yake kama gololi, makali. Wanawake wa hapa wanasema mti umemfuata mwenyewe: mimi sina mtoto, nao hauzai. Nimesikia. Namwagilia.

Jumatano, 4 Septemba

Magesa amekuja kutoka Mwanza. Mtoto wa mwenye nyumba. Tangu baba yake afariki yeye ndiye mwenye kauli. Katuita wapangaji wote uani. Mwisho wa mwezi tuhame. Uani anamwaga zege, magari yapaki. Mafundi wanaanza Jumatatu ya tarehe 16. Mti unakatwa.

Kuhama hakujaniumiza. Nina kiwanja Butiama, chumba kimoja kimeezekwa, sakafu bado. Nilipanga kwenda mwakani. Nitakwenda sasa. Nikamwomba niondoke na mti wangu.

"Dada, kilichoota kwenye kiwanja changu ni changu. Nikikuachia mti leo, kesho mwingine atang'oa mlango."

Wenzangu wakacheka. Nikaona aibu, halafu hasira. Aibu imeisha.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alidhani nimeleta kesi ya wizi. Nilipotaja mti akaweka kalamu chini. Nikakaa pale pale mpaka akaiokota. Tutasikilizwa Jumapili baada ya ibada.

Nguo tatu za sare ya kwaya zinanisubiri kwenye cherehani. Nimeshona moja, kola imepinda. Nimefumua.

Jumapili, 8 Septemba

Magesa alizungumza vizuri kuliko mimi. Hati ya kiwanja anayo mkononi. Mimi nilikuwa na maneno matupu.

Halafu mama yake akainuka. Mama Magesa, mtu wa Mugeta, mtoto wa wafugaji, hana maneno mengi. Kila asubuhi hukaa chini ya ule mti akichambua dagaa. Nilijua atamtetea mwanawe.

"Huyu anamwagiliaga kila siku," akasema. "Mimi ninakaaga tu hapo chini. Marehemu alimruhusu aupande, nilikuwepo. Magesa, mpe mti wake."

Magesa akatazama viatu vyake. Mwenyekiti akaamua: niuondoe kabla mafundi hawajaanza, na shimo nifukie mwenyewe.

Nimeshinda. Sina furaha. Nimemwondolea kivuli mtu aliyenitetea. Zege lingemwondolea hata hivyo. Najiambia hivyo, haisaidii.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimempigia Rehema. Ameshtuka: kiangazi bado hakijaisha, mti mkubwa hivyo? Nikamwambia sina wiki nyingine. Basi akanipa masharti. Nichimbe mbali na shina, niuzunguke wote. Udongo utoke pamoja na mizizi, niufunge kwa magunia. Siku ya mwisho nivue majani yote, lisibaki hata moja, maana mizizi iliyokatwa haiwezi kuyanywesha.

"Na usiuonee huruma," akasema. "Huruma ndiyo itauua."

Jumanne, 10 Septemba

Nimechimba kuanzia saa kumi hadi giza. Sururu ya kuazima. Kila nikipiga, jiwe. Mama Bwire wa chumba cha pili alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Si ununue mwingine tu?"

Nikapiga tena sururu. Mwingine hautakuwa huu.

Alhamisi, 12 Septemba

Malengelenge yamepasuka. Leo sikushona, sindano haishikiki.

Mzizi mmoja, mnene kama mkono wangu, umepita chini ya jiwe kubwa. Jiwe halitoki. Nikaukata kwa panga. Niliposikia ule mlio nikakaa shimoni nikalia. Mtu mzima.

Mama Magesa akaja na uji kwenye kikombe. Akachuchumaa ukingoni.

"Mwanangu, ng'ombe tukiwahamisha boma walikuwaga wanalia siku tatu. Ya nne wanakula."

"Na asiyekula, mama?"

"Huyo anakufa. Kunywa uji."

Nimekunywa. Nimerudi kuchimba.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimevua majani yote. Saa mbili nzima, moja moja, kwa vidole. Watu walipita wakisimama. Mama Bwire akasema kwa sauti, "Sasa ameuua kabisa." Mti umebaki fimbo tupu. Unatisha. Hata mimi nimeona nimeuua.

Jumamosi, 14 Septemba

Wabebaji wanne wa mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, wamezoea magunia mazito. Walipouinua mmoja akauliza kama kuna maiti ndani. Tukaulaza kwenye guta la magurudumu matatu, mimi nikakaa nyuma nimekumbatia shina. Nilifukia shimo kabla ya kuondoka. Magesa alisimama akitazama. Hakusaidia, hakuzuia.

Karibu na Makutano guta likaruka tuta. Gunia likachanika, upande mmoja udongo wote ukamwagika. Mizizi nje, kwenye jua. Nikavua khanga nikaifunga, nikalowesha kwa maji yangu ya kunywa. Dereva alitaka kupumzika. Nikamkatalia.

Tumeupanda Butiama jua likizama. Udongo wa huku mwekundu, jembe linaingia lenyewe. Na kuna baridi kidogo.

Jumapili, 15 Septemba

Sirudi Buhare kusubiri mwisho wa mwezi. Nani atamwagilia? Nimefuata cherehani na godoro. Chumba kina vumbi, dirisha nimeziba kwa turubai. Wateja wangu wa Musoma wataniacha. Wengine watabaki. Nimeshaamua.

Jumanne, 24 Septemba

Hakuna kitu.

Nimekwangua gome kwa ukucha. Shina, kijani ndani. Tawi la upande wa ule mzizi, kahawia.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tawi limekufa. Nimelikata kwa msumeno, theluthi ya mti imeondoka. Jirani mpya, mzee mpole, amekuja kunipa pole kama nimefiwa. Kasema nipande ndizi, ndizi haina matata.

Nimechoka. Najilaumu kwa lile panga, kwa lile tuta, kwa ubishi wangu. Labda Magesa angeukata tu kwa siku moja ungekuwa umekufa vizuri.

Ndoo mbili.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Ya kwanza. Imepiga bati mpaka sikusikia cherehani.

Baada ya mvua nimekwenda kuangalia. Vijinundu kwenye ncha, vingi. Sikuvigusa. Vikiwa majani, yatosha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Si majani.

Vimefunguka vitano leo. Kwa nje vyekundu kama damu ya ulimi, ndani vyeupe. Nimesimama hapo mpaka chai imepoa. Mvua nyingine ikanikuta, sikuingia ndani.

Nikampigia Rehema. Akapiga kelele. Halafu akanieleza, na sasa sijui nicheke au nilie. Huko kwao baridi kali ndiyo huangusha majani, mti unalala, ukiamka unatoa maua. Musoma hakuna baridi. Mti haukuwahi kulala. Miaka minne nilikuwa nausubiri uamke.

"Wewe ulipovua majani umefanya kazi ya baridi," akasema. "Nilikuambia kwa ajili ya mizizi tu. Hili sikulifikiria."

Miaka minne nimeulea kwa upole, nikitukanwa. Na ulikuwa mzima.

Jumatano, 23 Oktoba

Mti mzima umejaa, isipokuwa lile pengo. Nyuki wameujua. Mteja aliyekuja kupima sketi akasahau alichofuata. Hakuna aliyeniuliza habari za watoto. Huku hawanijui. Watauliza. Sasa nitawajibu bila kuinamisha kichwa.

Jumapili, 27 Oktoba

Mama Magesa amepiga simu, kwa simu ya mwanawe. Zege limekauka. Uani panachoma, asubuhi anakaa ndani. Mama Bwire naye amehama. Nikamwambia kuhusu maua.

"Yanakaaga siku ngapi?" akauliza.

"Kila ua wiki, mama. Labda na siku mbili."

Nikamsikia akimgeukia Magesa, wakazungumza kikwao. Akarudi. Wanakuja kesho, Magesa atamleta.

Mwanzo nilikunja uso. Halafu nikakumbuka Magesa alivyotazama viatu vyake kwa mwenyekiti.

Jioni nimefagia. Nina kiti kimoja tu. Nimekwenda kwa jirani kuazima viwili.