Kulungu na Damu Yetu

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zetu nyingi. Mgongo vipi, na usingizi umerudi? Sisi tu wazima, ila mimi situlii. Nakaa, nasimama, leo nimeunguza hata sufuria ya chai. Barua yako, kwamba umechoka na mimba kutoka na sasa unataka kumwachia mumeo nyumba yake, nimeirudia mara tatu.

Kwanza nikupe habari za binti yangu, maana huku mtaani kwa kujivunia mtoto sina wa kunishinda. Amepewa darubini yake mwenyewe pale maabara! Anachungulia seli za kulungu dume, zile za kwenye korodani, nisamehe. Fundi cherehani jirani yangu akauliza msomi mzima anatafuta nini huko. Nikamweleza kuna vitu kama nyuzi, vinaitwa kromosomu, ndivyo vinavyobeba urithi. Mbegu ikitengenezwa, kila uzi humtafuta mwenzake, zikashikana, zikabadilishana vipande, kisha zikaachana kwa amani. Fundi akasema basi zina adabu kuliko wanandoa wa mtaa huu.

Lakini wapo kulungu ambao nyuzi mbili zimeungana zikawa uzi mmoja. Mnyama mwenyewe mzima, anaruka. Shida huja wakati wa kugawana: zinashikana tatu badala ya mbili, na mara nyingine mmoja huenda upande usio wake. Mimba ya hivyo mara nyingi haikai.

Sasa nisikilize. Binti alijipima damu yake, kujaribu tu rangi mpya ya kuonyeshea nyuzi hizo, akakuta hali ile ile. Wakanitoa na mimi damu, huku nikimtambia muuguzi kwamba yangu ni safi kama maji ya mvua. Majibu yametoka jana. Ni mimi niliyempa. Nami huenda nimerithi kwa wazazi wetu, kwa hiyo pengine na wewe unayo. Hakuna hakika mpaka upimwe. Ila huyo mama mkwe wako anayesema tumbo lako halina shukrani, mwambie anyamaze kidogo. Mimi ninayo na nimezaa, tena nikamzaa huyu!

Jumapili binti anakuja kukupeleka hospitali. Naomba akukute kwa mumeo. Nilitaka kufuatana naye, amekataa, ati nitawachosha madaktari kwa maneno. Mpikie vizuri. Na usimuulize habari za kuolewa. Tangu majibu ya jana hataki kuzisikia.

Wasalimie wote, hata mama mkwe.

Dada yako akupendaye,
ambaye mtaa mzima sasa unamwita Mama Kulungu