Uzi Mwekundu wa Bandi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa mlangoni na si kitandani, na kwamba lile goti lako limeacha kukutabiria mvua. Sisi huku afya ipo. Mkwe wako bado yuko safarini na vyombo vyake vya kupimia ardhi, anarudi mwisho wa mwezi, anakusalimu. Mimi naumwa mgongo tu, ugonjwa wa kila anayekula kwa cherehani. Mjukuu wako Kidole ni mzima wa mwili. Ya moyo ndiyo nakuja kukueleza, na ndiyo yaliyofanya nikae miezi mitatu bila kukuandikia hata mstari mmoja.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza jambo moja tu. Uliuliza kwa nini mtoto alipokuja kwako likizo, ukamwekea beseni la maharage achambue kama zamani, alirudi nyuma hatua moja akaficha mikono mgongoni. Mtoto uliyempa jina la Kidole wewe mwenyewe, kwa sababu hakuna tundu wala kifuniko alichokiacha bila kukichokonoa! Nikakupigia simu nikakujibu kwa mkato na kwa majivuno kwamba hiyo ni nidhamu ya shule za kisasa, na kwamba mambo ya chekechea yako ya vizibo vya soda yamepitwa na wakati. Ukaniambia nimsalimie mkwe wako, ukakata simu. Mama, ungenitukana ingekuwa nafuu.

Unakumbuka nilivyokusimulia siku ya kwanza nilipoingia katika ile shule ya awali ya Montessori. Chumba kikubwa chenye mwanga, rafu fupi za kimo cha mtoto, na juu ya rafu trei, kila moja na kazi yake: majagi mawili madogo ya kumiminiana maji, vijiko na mbegu, mnara wa vipande kumi vya mbao vya rangi ya waridi, na pembeni mikeka midogo iliyokunjwa, kila mtoto atandike wake mwenyewe. Mkurugenzi, mama wa sauti ya taratibu na miwani inayoning'inia kwa mnyororo, alitueleza wazazi kwamba pale hakuna kukariri. Mtoto anachagua kazi yake, anaishika, anakosea, anairudia, kwa sababu mkono wa mtoto ndio mwalimu wake wa kwanza. Machozi yalinilengalenga. Niliona ni yale yale uliyoyafanya wewe miaka thelathini katika kile chumba cha bati, ila haya yamepakwa rangi. Nilipokwambia, ulinishauri niende tena siku ambayo hawanitegemei. Nikacheka, nikamwambia mume wangu kwamba mama ana wivu.

Muhula haukuisha wakajua kwamba mimi ni fundi. Wakaniomba niwashonee fremu za kujifunzia kuvaa, yaani mbao za pembe nne zenye vipande viwili vya kitambaa vinavyokutana katikati kwa vifungo vikubwa, au vifungo vidogo, au zipu, au kamba za viatu. Nilishona sita, kwa moyo mweupe. Na kama ilivyo kawaida ya kazi yangu, kila moja niliipiga bandi kwa uzi mwekundu, ule wa kushikiza kwa muda, toka upande huu hadi ule, ili kitambaa kisivutike seremala anapokipigilia. Nilimwambia Mkurugenzi kwa kinywa changu kwamba uzi huo ukatwe kabla watoto hawajaanza, la sivyo hakuna kifungo kitakachofunguka. Akaitikia. Kisha akanisifu mbele ya wazazi wote, nikafanywa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na picha yangu ikabandikwa mlangoni. Kilemba cha ukoka, mama, nami nikakivaa nikakisawazisha mbele ya kioo.

Kila Ijumaa Kidole alirudi na karatasi ya maendeleo, iliyopigwa chapa vizuri, na jina lake limejazwa kwa kalamu. Wiki hii mtoto amemimina maji bila kumwaga. Wiki hii mtoto amefungua na kufunga vifungo vikubwa bila msaada. Nilizisoma kwa sauti mbele ya wateja wangu, hata waliokuja kupunguziwa suruali tu. Na asubuhi iliyofuata mtoto huyo huyo wa vifungo vikubwa anasimama mbele yangu na sweta lake, mikono ameitanua, anangoja nimfunge. Alipokuwa na miaka mitatu alijifunga mwenyewe, upande upande, tumbo nje, akinifukuza nisimsaidie. Sasa ana minne na nusu anangoja.

Barua yako haikuniacha nilale, mama. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, niliacha gauni la mteja mezani nikaenda shuleni bila kumwarifu mtu. Mlinzi alinifungulia kwa sababu anaiona picha yangu kila siku. Kile chumba kikubwa hakikuwa na mtoto hata mmoja. Rafu zote zilikuwa zimefunikwa mashuka meupe, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Sauti nilizisikia nyuma, katika kile chumba walichotuambia kuwa ni stoo. Nilikuta watoto thelathini na wanane, nimewahesabu, wamekaa sakafuni mistari mitatu, mikono nyuma, wanaimba majina ya siku za wiki wakimfuata mwalimu mmoja, binti mdogo ambaye sauti ilikuwa imemkauka. Hakuna trei, hakuna jagi, hata kizibo cha soda hakuna. Darasa lako la bati lilikuwa ikulu.

Yule binti hakunidanganya. Alitoka akanifuata nilipogeuka kurudi kwenye chumba kikubwa, akaniambia kwa aibu kwamba mashuka hufunuliwa siku ya wazazi na siku ya wakaguzi, na siku hizo watoto sita au saba huchaguliwa wakae mbele ya trei wapigwe picha. Kikipotea kipande kimoja cha mnara yeye ndiye anayeitwa ofisini, kwa hiyo amewafundisha watoto kuficha mikono, kwa usalama wake. Nikavuta shuka la rafu ya mwisho. Fremu zangu sita zilikuwa zimepangwa vizuri, na uzi wangu mwekundu uko pale pale, haujakatwa hata mmoja. Mwaka mzima, mama! Hakuna mkono wa mtoto uliowahi kufungua kifungo hata kimoja katika ile shule. Nilinyoosha mkono kuichukua moja, nikasikia kisauti nyuma yangu. Kidole alikuwa ametoka darasani kunifuata, amesimama mlangoni na mikono yake mgongoni.

"Mama, usiguse," akaniambia. "Hiyo ni ya wageni."

Nilipanda ofisini nikiwa sioni ngazi. Mkurugenzi alinikaribisha kiti, nikakikataa. Akaanza na ile sauti yake ya kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Vifaa vimetoka mbali, watoto wa siku hizi waharibifu, vitafunuliwa wakishakuwa tayari. Nikamuuliza mtoto atakuwaje tayari kushika kitu kwa kukatazwa kukishika. Nikamuuliza na zile karatasi za Ijumaa. Akajibu bila haya kwamba huandaliwa zote mwanzoni mwa muhula, ili zisichelewe. Nikamwita mwongo, mama, mimi uliyenilea nisiinue sauti kwa mkubwa, na mlinzi chini aliisikia. Mkurugenzi hakukasirika. Alivaa miwani yake akanitazama vizuri.

"Lakini mwenyekiti," akasema, "si wewe uliyezipiga pasi zile fremu?"

Hapo ndipo palipo na donda, na mficha uchi hazai, kwa hiyo nakuambia. Jumanne ile haikuwa mara yangu ya kwanza kuuona ule uzi. Miezi minne kabla, karibu na siku ya wazazi, Mkurugenzi aliniletea fremu zote sita nizitoe vumbi na kuzipiga pasi, zipendeze. Niliziweka juu ya meza yangu. Kitambaa kilikuwa kipya kama siku nilipokikata, na uzi mwekundu umekatiza kila fremu. Mimi ni fundi, mama, na bandi nilipiga mwenyewe. Nilijua maana yake kabla pasi haijapata moto. Nikajiambia kwamba pengine wataanza muhula ujao. Nikapitisha pasi juu ya ule uzi, nikazirudisha.

Na hilo ni dogo. Wiki mbili baadaye tulikuwa na mkutano wa wazazi. Akasimama baba wa mapacha, fundi magari, na ovaroli yake, kwa kuwa alitoka gereji moja kwa moja. Alisema si msomi, lakini wanawe walipoanza shule walikuwa wakimshikia spana na kumfungulia boksi la nati, na sasa wanasimama kando wamefunga mikono, na karatasi zao mbili za Ijumaa zinafanana neno kwa neno. Akaomba tu tuonyeshwe darasa siku ya kawaida. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mkurugenzi akanitazama mimi. Nikasimama, nikazungumza kwa maneno yote niliyoyasoma kwenye vipeperushi vyao, kisha nikamalizia kwamba elimu hii inahitaji mzazi mwenye upeo, na asiye na upeo asituharibie watoto. Watu wakapiga makofi. Yule baba akazikunja zile karatasi zake mbili mara nne, akazitia mfukoni, akatoka. Kesho yake aliwaondoa mapacha wake. Nilijua wakati nasema, mama. Nilikuwa nimezipiga pasi kwa mikono hii inayokuandikia. Niliogopa ile picha ya mlangoni ibanduliwe, na niliogopa kuja kukuambia kwamba ulisema kweli. Kwa hofu hizo mbili nikamwacha mwanangu miezi minne zaidi katika ile stoo.

Sasa nimefanya ninayoweza. Jumanne ile ile nilimtoa Kidole, na fremu moja nikaondoka nayo kwapani bila kuaga. Ijumaa nilisimama getini saa ya kuchukua watoto, nikawaonyesha wazazi ule uzi na kuwaambia yote, pamoja na habari ya pasi. Wengine wameondoa watoto wao, wengine wamenikasirikia mimi kuliko shule, na siwalaumu sana. Nilikwenda pia gereji. Baba wa mapacha alikuwa chini ya gari, nikamwomba radhi nikizungumza na miguu yake. Aliendelea kukaza nati. Halafu aliniambia nimpe spana namba kumi na tatu. Sikujua ni ipi, akanicheka. Nadhani amenisamehe nusu.

Kidole ndiye aliyebaki. Ile fremu nimeiweka sakafuni kwenye chumba changu cha kushonea, na kimkasi cha ncha butu pembeni, nikamwambia uzi akate yeye, na vifungo afungue yeye. Ameizunguka wiki tatu. Siku ya kwanza alificha mikono akaniuliza kama wageni wanakuja. Nilimwambia hakuna mgeni, vyote ni vyake, lakini nikimtazama anaondoka. Vidole vinaniwasha nimkatie, sijamkatia. Majuto ni mjukuu, husema watu, na wangu ana miaka minne na nusu.

Jumamosi tunakuja kwako, mama, na nakuomba akae nawe hadi muhula mpya. Tafadhali toa lile beseni, na vizibo kama havijatupwa. Mimi nigombeze utakavyo, ila naomba umalize kabla ya chakula. Nisalimie majirani wote wa upande wako, na shangazi mwambie blauzi yake iko tayari. Goti lipakwe dawa, lisingoje mimi nifike.

Ni mimi mwanao mkaidi,
Fundi wako

Nyongeza: Nilikuwa nimetoka kununua stempu. Nimerudi nimekuta uzi wa fremu umekatwa, na kitambaa kidogo kimekatwa nao, na vifungo vyote vimefunguliwa. Kisha, mama, ameona gauni la mteja mezani, nililolipiga bandi toka bega hadi pindo, naye akaendelea. Hakuna mshono uliobaki. Mwenyewe kakaa katikati ya nyuzi, mikono mbele, ananiuliza iko wapi nyingine. Mteja anakuja saa sita.