Njia ya Ng'ombe Tuliyoilima

Jumatatu, 7 Oktoba

Insha thelathini na nne zimeisha, bado kumi na tisa. Kalamu nyekundu imekata wino, nikaendelea na ya kijani. Kidato cha Nne wamebakiza mwezi mmoja tu waingie mtihani wa taifa, na bado wananiandikia kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilitokea kwa sababu mtu mmoja alimpiga risasi mwana wa mfalme. Basi. Mtu mmoja, risasi moja, dunia nzima ikaungua. Mwingine kaandika vita vyote vilitabiriwa, aliona kwenye simu. Watatu wamesema kuna watu wamezaliwa wanapenda damu.

Nimeudhika. Kisha nikafungua notisi zangu nione wanakosea wapi. Pointi sita za kukariri, na ile ya mauaji nimeipigia mstari mara mbili kwa mkono wangu mwenyewe.

Wananirudishia nilichowapa.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimewapa kazi nyingine. Kila mmoja akamuulize mtu mzima nyumbani kuhusu ugomvi mkubwa anaoukumbuka. Nani walipigana, na kwa nini hasa. Waandike kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza wananakili tu, kwa Kiswahili labda watafikiri. Mkuu wa shule kanisimamisha koridoni: mwezi umebaki, Mwalimu Minza, mambo ya hadithi ya nini? Nimemjibu vibaya kidogo.

Kama kila mwaka nilianza na mfano wangu. Baba mdogo Sayi, mdogo wake baba, aliyeuawa kule kwetu Meatu, upande wa Mwandoya, nikiwa na miaka minane. Watu wa ng'ambo ya mto walikuja kuiba ng'ombe, akawazuia, wakampiga rungu la kichwa. Kila mwaka nikifika hapo darasa linanyamaza kabisa.

Napenda linavyonyamaza. Hilo naliandika hapa tu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Karatasi ya Kabula. Aliiingiza katikati ya rundo, si juu kama wenzake. Binti mtulivu, anakaa Somanda na bibi yake. Wamehamia Bariadi kutoka Meatu.

Nainakili, maana sitaki kuirudia kusoma:

"Bibi anasema wao ni watu wa ng'ambo ya mto. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Njia ya kupeleka ng'ombe kwenye maji ililimwa pamba na watu wa upande wa pili. Wazee wa kwao walikwenda mara tatu kuomba njia. Mara ya nne walikwenda vijana na fimbo. Kijana mmoja wa wale waliolima akafa, anaitwa Sayi. Bibi anasema hakuna ng'ombe aliyeibwa. Mwalimu, nisamehe."

Niliisoma pale staff room, kweupe, watu wanakunywa chai. Bibi kizee mwongo. Hilo ndilo lilikuwa wazo langu la kwanza. La pili: huyu mtoto kathubutu vipi.

Sijaisahihisha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimefundisha vipindi viwili, sikumbuki nilisema nini.

Saa nane Jilala kanitumia ujumbe wa sauti. Mdogo wangu wa mwisho, miaka ishirini na saba, ndiye amebaki na mama na mashamba tangu baba afariki. Sauti imempanda. Ng'ombe watatu wa ng'ambo wamevunja uzio wake wa miiba, kawakamata, kawafunga. Wenyewe wametuma maneno kwamba Jumapili watakuja kuwachukua. "Waje tu. Walimuua Sayi, sisi tukakaa kimya. Safari hii hatukai."

Jilala hakumjua Sayi. Alizaliwa miaka mitatu baadaye. Nani alimsimulia? Mimi. Nilikuwa nambembeleza kwa hadithi ile, alale.

Kesho naenda.

Jumamosi, 12 Oktoba

Basi, kisha bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Nchi imekauka vibaya. Nimefika saa saba mchana. Ng'ombe watatu wamefungwa nyuma ya nyumba, mbavu nje, wanalia kiu. Jilala hayupo, yuko kwa wenzake senta.

Mama alikuwa anapepeta mtama. Nimemuuliza hata sijavua viatu. Kabla Sayi hajafa, kulikuwa na njia ya ng'ombe?

Ungo ukasimama.

"Nani kakwambia?"

"Mwanafunzi wangu."

Aliuweka ungo chini. Kisha akasema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Njia ilikuwepo tangu kabla hajaolewa. Mwaka ule pamba ilipata bei nzuri, na baba akailima. Wazee wa ng'ambo walikuja mara tatu. Mara ya tatu baba hakuwapa hata kigoda cha kukalia. Sayi alimwambia kaka yake aache kipande, baba akakataa. Na siku walipokuja vijana, Sayi ndiye aliyetangulia mbele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia, mayu, mwanangu. Ningemwambia mtoto anayelia kwamba aliyelima ni baba yake?"

"Na nilipokuwa mtu mzima?"

"Ulikuwa mwalimu. Nilidhani unajua."

Baada ya msiba wazee wa pande zote walikaa, njia ikafunguliwa. Ikabaki wazi miaka yote hiyo. Mwezi uliopita Jilala kaizungushia miiba. Anajua tu kwamba ni ardhi ya baba waliyotunyang'anya watu waliotuulia Sayi.

 

Jumapili, 13 Oktoba

Hatukuenda kanisani. Saa nne mwano ukapigwa, lile yowe la kuita wanaume. Nilikimbia na kanga moja.

Shambani walikuwa vijana wetu kama ishirini, fimbo na mapanga, wawili na mishale. Ng'ambo ya miiba, wengine idadi hiyo hiyo. Wote watoto. Hakuna hata mmoja niliyemwona ambaye alikuwa amezaliwa Sayi alipokufa. Wanatukanana kwa jambo ambalo hawakulikuta.

Nimemshika Jilala mkono. Nikamwambia yote palepale, vibaya, bila mpangilio, nahema.

Alinitazama kama nimelewa. "Wewe ndiye uliyenifundisha, dada. Wewe! Leo unabadilisha?"

"Nilifundishwa hivyo."

"Basi kaa na wanawake."

Miaka kumi na nne nafundisha sababu za vita na nilisimama pale mdomo wazi. Kijana mmoja wa kwetu akasema mwalimu kahongwa. Wakacheka. Jiwe likarushwa, sijui na nani, likapita.

Mama alifika taratibu, mwenyekiti wa kitongoji nyuma yake akiwaswaga wale ng'ombe watatu. Hakupaza sauti. Aliongea Kisukuma, akielekea miiba, sijui alikuwa anawaambia wao au sisi. Kwamba yeye ndiye aliyepanda mbegu siku ile nyuma ya jembe la mumewe. Kwamba alijua anakanyaga njia, nyayo za ng'ombe zilikuwa zinaonekana. Kwamba hakuna aliyekuja kuiba. Kwamba ameona aibu miaka thelathini, na aibu imemchosha.

Hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti akatoa miiba michache, akapitisha ng'ombe. Mzee mmoja wa ng'ambo akawapokea. Vijana wao wakaanza kuondoka, wawili wawili. Wetu wakabaki wanachora chini kwa fimbo. Jilala alitema mate, akaenda zake. Hakumwangalia mama.

Nilitaka mama asifiwe. Hakusifiwa na mtu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, hakuna shule. Jilala halali nyumbani. Nimemwona kwa mbali dukani, akageuka.

Nina hasira na marehemu baba. Nina hasira na mama kwa kunyamaza, na nina hasira naye kwa kusema. Nilimpenda Sayi vile alivyokuwa, shujaa aliyezuia wezi. Sasa ni kijana aliyemshauri kaka yake, hakusikilizwa, kisha akaenda kusimama mbele kwa sababu ni kaka yake. Huyu anauma zaidi.

Basi la mchana.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimewaambia darasa. Nimesema: mfano niliowapa si kweli, kweli ni hii. Nimetaja ukame, bei ya pamba, baba yangu.

Hawakunyamaza kama zamani. Walinong'ona, viti vikasogea. Mmoja akauliza kama basi watu wa ng'ambo hawana kosa. Nikasema wana kosa, waliua mtu. Ila swali lilikuwa kwa nini. Mwingine, mzuri sana wa kukariri, akanyoosha mkono:

"Kwa hiyo, Mwalimu, kwenye mtihani tuandike ipi?"

Sikucheka. Ana haki ya kuuliza. Nimemwambia aandike zile sita, lakini kila moja ajiulize nani alifaidika na nani alikosa maji. Hajaridhika. Hata mimi.

Kabula nimempa karatasi yake mkononi. Kumi na nane kwa ishirini. Mbili nimekata kwa tahajia, nisionekane namhonga. Kasema bibi anaomba nifike.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sitaki kwenda. Nimefua hata visivyo vichafu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekwenda.

Chumba kimoja na ua, nyuma ya maduka ya Somanda. Bibi yake Kabula ni mdogo kuliko nilivyodhani, macho yana ukungu. Ameshika kiganja changu wakati wa salamu na hakukiachia haraka. Tulibambua karanga watatu. Tuliongea kuhusu mvua, kama itawahi.

Mama alikuwa amepiga asubuhi. Miiba imesogezwa, ng'ombe wanapita. Jilala anasema si yeye. Nimemwambia bibi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kubambua.

Baadaye sana akauliza kama kwetu tunamtaja na yule mwingine. Sikuelewa. Akasema siku ile, wakati wanarudi na wanafukuzwa, na wao walipoteza mtu. Mshale wa mgongo. Mwanawe wa kwanza. Alifika nyumbani akitembea, akafa kesho yake.

Miaka thelathini nasimulia ugomvi ule wenye maiti moja.

Niliuliza jina. Aliitwa Maduhu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa anajifunza ushonaji.

Karanga zilipoisha Kabula alileta maji tukanawa.