Lifti Nisiyoipanda

Shoga uko wapi? Nimetoka kwa mwenye jengo sasa hivi.

Si nilikuringia kwamba kanipunguzia kodi ya fremu mpya ya saluni bila ubishi? Kumbe kapunguza huku, kaongeza kule!

Nimeshashika kalamu nisaini, ananiambia, "Kuna na gharama za jengo, kila mwezi." Ulinzi, usafi, jenereta. Na lifti. LIFTI, shoga! Saluni yangu iko chini, mlango unatazama barabara!

Nikamwambia, "Mimi lifti siipandi." Akacheka. "Lifti ni ya wote, mama."

Ya wote!

Ukijumlisha, inazidi hata kodi niliyoikimbia kwenye fremu ya zamani. Na kule nimesharudisha ufunguo, kaingia fundi simu.

Shemeji, dalali wetu wa nyumbani aliyenitafutia fremu hii, kakaa pembeni anachezea simu!

Nimesaini. Ningefanyaje, na viti na vioo viko nje kwenye gari la mizigo?

Tulipotoka nikamuuliza, "Shemeji, ulijua?"

"Sasa mbona hukumuuliza mwenye jengo mwenyewe?"

Nilimuuliza yeye, shoga. Mdogo wake mume wangu. Nilimuuliza mezani kwangu, "Ni kodi tu?" Akanijibu, "Kodi tu, shemeji. Lala usingizi."