Tanga Limegeuka, Sijapinduka

Jumamosi

Taifa litangaziwe: leo asubuhi mwalimu wa hesabu kutoka Kasulu, mwenye miaka hamsini na kitambi chake, amegeuza tanga upepo ukimpiga mgongoni, na mashua haikupinduka. Walimu wenzangu wanaosema Muha wa milimani ni wa maharage tu, waje ziwani waone.

Tena Zuhura alikuwa ameshaapa. Nilimfundisha darasa la saba, sasa ananifundisha yeye kuendesha mashua. "Mwalimu, ukitupindua tena leo, mafunzo basi." Niliogopa hilo kuliko maji.

Haya, ukweli, maana humu daftarini namdanganya nani? Sikugeuza kitu. Tulipita karibu na ufukwe, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anafua akanisalimia kwa Kiha. Nikaachia usukani na kamba, nikainama kumpigia makofi ya heshima, kama nilivyolelewa. Mashua ikajigeukia yenyewe, mti wa chini ya tanga, ule wa kuinamiwa kila tanga linapogeuka, ukapita fyuu juu ya kisogo changu.

"Umeinama vizuri, mwalimu!" Zuhura akashangilia.

Nikasema asante. Sikumsahihisha, kwa sababu nataka kurudi mafunzoni Jumamosi ijayo, hata huo mti ukinipasua kichwa.